Mtoto wako akiwa na SS: namna ya kupanga nyumba mbele ya krizi kufika

Krizi, yale maumivu makali ya ghafla ya mtoto wa SS (ugonjwa wa damu, wengine wanaita selimundu), inapendaka usiku. Kwetu huku Bukavu ni ile saa nane, saa tisa ya usiku, baridi imeshuka, umeme umekatika, mvua inapiga mabati, na mtoto anaanza "mama mguu, mama mguu". Nimepitisha usiku mingi wa namna hiyo na kijana wangu, sasa ana miaka 11, na kitu nilichelewa sana kuelewa ni kwamba usiku ule siyo wakati wa kufikiri, usiku ule mtu anafanya tu yale alishapanga mchana. Kwa hiyo haya nawaandikia wamama na wapapa wenzangu ni mambo ya kufanya siku mtoto iko mzima, anakula, anacheza mpira na wenzake, zile siku unaonaka kama ugonjwa umesahau njia ya kwenu. Siku zile ndizo za kazi.

Mjue kwanza ni nini, wote wawili

Sisi tunaita tu SS, waganga wanasema drepanositoze. Globili nyekundu za damu ya mtu wa kawaida ni za mviringo na laini, zinapita hata kwenye mshipa mwembamba sana, na zinaishi karibu siku 120. Za mtoto wa SS zikikosa hewa ao maji yakipunguka mwilini zinajikunja kama mundu, zinakuwa ngumu, zinashikana na kufunga njia, na pale damu imeshindwa kufika ndipo panauma. Tena zinakufa haraka, siku 10 mpaka 20 tu, ndiyo maana damu yake iko chini kila siku na macho yanakuwaka ya njano. Ile njano haiambukizi mtu, waambieni majirani na waambieni watoto wa majirani, ju wale ndio wanamuitaka majina.

Miezi kama 6 ya kwanza mtoto anaweza kukaa bila alama yoyote, ju iko bado na hemoglobini (kile kinachobeba hewa ndani ya damu) aliyotoka nayo tumboni. Kisha siku moja mikono inavimba, miguu inavimba, analia ukimgusa. Ya kwetu ilianza vile na tulipoteza miezi mingi kwa kumpaka dawa za kienyeji ju watu walisema amekanyaga kitu. Usikubali mtu akuambie ni SS ao siyo SS kwa kumuangalia macho, kipimo kinaitwa elektroforezi ya hemoglobini, ombeni kile.

Na hapa wapapa wanisikilize vizuri. Mtoto wa SS amepokea S moja kwa mama na S moja kwa papa. Wazazi wote wakiwa AS (kila mmoja anabeba S moja na A moja ya kawaida), kila mimba ina nafasi 25 kwa 100 ya kuzaa SS, 50 kwa 100 AS, na 25 kwa 100 AA, na kila mimba hesabu inaanza upya, kwa hiyo kusema "wa kwanza amekuwa SS basi watatu wanaofuata watakuwa salama" ni uongo. Kwetu kuko mtu wa familia ya mume wangu alisema wazi kwamba ugonjwa umetoka kwa ukoo wangu. Bwana yangu hakubishana naye. Tulienda kupima sisi wawili, tukarudi na karatasi mbili, zote zimeandikwa AS, na siku ya mungu kisha chakula yeye mwenyewe alizitoa mfukoni akazisoma mbele ya watu wote, yake ya kwanza. Toka siku ile neno lile halijarudi tena nyumbani. Kama bwana yako iko tayari kufanya vile, mfanye mapema, ju mama anayelaumiwa kila siku hana nguvu ya kuuguza mtoto.

Kaye ya mtoto

Nunueni kaye (daftari) moja ngumu, ya kurasa mingi, iwe ya mtoto tu. Ukurasa wa kwanza muandike: tarehe ya kuzaliwa, kilo zake (na mbadilishe kila anapopimwa), grupu ya damu, dawa anazokunywa na kipimo chake, dawa zinazomkataa, mara ngapi aliongezewa damu na lini. Na kitu ambacho watu wengi wanasahau: hemoglobini yake ya siku zote, ile anayokuwa nayo akiwa mzima. Watoto wengi wa SS wanaishi na hemoglobini kati ya gramu 6 na 9 kwa desilita, na hawana shida nayo. Sasa ukifika usiku, infirmie (nesi) hakujui, anapima anaona 7, anaogopa, anataka kumtia damu, na kumbe 7 ndiyo yake ya kila siku. Damu asiyohitaji inamuongezea chuma kisichotoka mwilini na inaweza kufanya damu za kesho zimkatae. Na kinyume chake pia, kama yake ni 8 na leo iko 5, kaye inasema haraka kwamba kuko kitu kibaya kinaendelea. Ilitufikia sisi: munganga mmoja kijana alikaa akasoma kurasa mbili, akafunga kaye, akasema "sawa mama, huyu tumpe maji na dawa ya maumivu, damu tungoje". Asubuhi mtoto aliomba uji.

Ukurasa wa pili ni wa usiku. Namba ya motari (mtu wa pikipiki) anayekaa karibu na ambaye mlishapatana naye bei mchana, ju usiku wa mvua pale kwetu Kadutu taksi haipandi na bei inatajwa kwa kuangalia machozi yako. Jina la jirani atakayelala na watoto wanaobaki. Pesa iko wapi. Watu wanne wa familia ao wa kanisa wanaojua grupu yao ya damu na walikubali kuitwa, ju hopitali mara mingi itakuomba ulete wa kutoa damu, na kuanza kutafuta mtu saa hiyo ni mateso. (Damu yenyewe lazima ipimwe, ukimwi, hepatiti B na C, kaswende, usione haya kuuliza.)

Kisha kifuko kimoja kinaninginia nyuma ya mlango: kaye, termometri, parasetamoli, triko, soseti, kikwembe kizito, chupa ya maji, torshi. Watoto wote wa nyumba wajue hakiguswi.

Ya kila siku

Maji ndiyo dawa ya bei ndogo na ndiyo tunaichezea. Mtoto wa kilo 20 anahitaji karibu litre moja na nusu kwa siku, na zaidi kama iko na homa, anahara ao amekimbia sana. Bidoni za kwetu zinatoka mbali, bomba linakaa siku bila kutoa, najua, lakini chupa yake ijae ya kwanza mbele hata ya kupika. Sisi tulichora alama tatu kwenye chupa, ya asubuhi, ya mchana, ya jioni, na yeye mwenyewe ndiye anaangalia.

Sasa mtoto anayekunywa sana na mwenye figo za SS atakojoa kitandani, hata akiwa na miaka 8 ao 10, ju figo zake hazijui vizuri kubana maji. Nimeona watoto wakipigwa kwa hiyo, na wengine wanaacha kunywa maji jioni ili wasipigwe, na usiku krizi inakuja. Tandikeni shirasi ya plastiki, muamshe mara moja usiku, na neno lolote la haya lisitoke kinywani mwenu.

Asidi foliki kila siku. Penisilini asubuhi na jioni mpaka miaka 5, ju bandama ya watoto hawa inaharibika mapema na mikrobu inawaua haraka. Chanjo zote, hasa ya pnemokoki ambayo inatolewa bure siku za chanjo ya watoto wadogo. Chandarua kila usiku, malaria kwa SS ni hatari sana. Usinunue sirop ya kuongeza damu yenye chuma bila munganga kusema, wengi wao chuma siyo kinachowapungukia. Chakula kiwe cha kawaida, kizuri: lengalenga, maharagi, sambaza, uji wa masoso, tunda lolote lililo kwenye soko.

Muulize munganga ju ya hidroksiurea. Hii dawa ilifanyiwa utafiti kwa watoto 606 wa Angola, Kongo kwetu (Kinshasa), Kenya na Uganda, matokeo yakatoka 2019: maumivu yalipunguka, malaria na maambukizi mengine yalipunguka, kutiwa damu kulipunguka, na vifo vilipunguka. Inakunywewa kila siku na inaomba kupima damu mara kwa mara, kwa hiyo usiinunue sokoni ukaanza wewe mwenyewe. Lakini uliza, na kama wakikuambia haipatikani, uliza tena rendevu inayofuata (siku ya kurudi kwa munganga).

Na muwe na dawa za mwezi mmoja mbele, kila mara. Wa Bukavu wenzangu mnakumbuka mwezi wa pili 2025, mji ulifunga, maduka yalivunjwa, hakuna aliyetoka nje. Sisi tulikuwa na foliki na parasetamoli ndani, tulikaa. Kwa pesa, likelemba (kuchanga na kupokea pesa kwa zamu) ya wamama wenye watoto wa SS inasaidia kuliko ile ya kawaida ju ndani yake mtu hahitaji kueleza ni kwa nini anaomba zamu yake mapema, na kama kwenu kuko mitueli ya afya ya parokia (chama cha kuchangia matibabu) ingieni mbele mtoto hajaugua, wengi wanaomba kungoja miezi kidogo mbele ya kuanza kulipia.

Usiku wenyewe

Kwetu tunatumia vidole. Kidole kimoja ni inauma kidogo, vitano ni siwezi kupumua ju ya maumivu. Anaonyesha tu, hahitaji kusema. Na mpango wetu umeandikwa: kidole kimoja ao viwili, anakunywa vikombe viwili vya maji ya vuguvugu, parasetamoli, joto, na hadithi. Vitatu, tunaongeza dawa ya pili ambayo munganga aliandika. Vinne, ao vitatu ambavyo kisha masaa mawili havijashuka, tunaondoka.

Parasetamoli inahesabiwa kwa kilo, 15 mg kwa kilo moja, kwa hiyo wa kilo 20 anapata 300 mg, kila masaa 6, isipite mara 4 kwa siku. Tembe la 500 siyo lake lote. Ibuprofeni iwe kisha kula, na siyo kwa mtoto anayetapika ao amekauka maji, hiyo munganga akuandikie. Mpe mapema, usingoje alie ndiyo uamini. Watoto wa SS wanajifunza kunyamaza na maumivu, wa kwangu anaimba pole pole akiwa na vidole vitatu, mgeni angesema iko na furaha.

Joto: chupa ya plastiki, maji ya moto siyo yanayochemka, uifunge na kitambaa, iweke pale panauma. Kumpapasa kwa mafuta pole pole ni vizuri. Barafu hapana, maji ya baridi hapana, kuchanja na wembe hapana kabisa. Na tafazali, msiingize babula (jiko) ya makala kwenye chumba kilichofungwa ili mtoto apate joto, ile hewa yake haionekani na inaua watu wakiwa wamelala.

Kuko mambo ambayo hayangoji vidole wala asubuhi. Joto likifika 38,5, hata kama anacheza. Kifua kinauma ao anapumua haraka. Anakuwa mweupe ghafla, mdomo na viganja, na tumbo la kushoto linavimba: hiyo ni bandama imekamata damu, inaweza kumuua kwa masaa. Muombe infirmie akuonyeshe namna ya kuipapasa, vidole vyako chini ya mbavu za kushoto, mtoto amelala na anapumua, na ufanye mara moja kwa wiki akiwa mzima ili mkono wako ujue ya kawaida iko namna gani. Mdomo unapinda, mkono moja hauna nguvu, maneno yanachanganyika: ubongo umekosa damu, kimbia. Na kwa wavulana, uume unasimama na kuuma na haushuki, ikifika masaa mawili ni hopitali. Hiyo wanaficha kwa haya. Papa amuambie kijana mapema, yeye na mtoto tu, maneno mafupi: ikitokea niamshe, sitacheka.

Maneno ya kumuambia, na wanaomsikiliza

Mimi nilificha mpaka akiwa na miaka 6. Alikuja toka shule akaniuliza: "Mama, banasema mi niko na SS, SS ni nini, njo ile inauaka?" Nilishika sufuria ikanichoma. Kisha nilikaa chini nikamuambia kwamba damu yake ni kama njia ya pale Nyawera siku ya mvua, moto moja (pikipiki) imeanguka, nyingine imekuja nyuma, basi hakuna anayepita, na watu wa mbele wanangoja chakula chao. Alifikiri kidogo. "Basi mayi njo polisi ya kufungua barabara?" Nikamuambia ndiyo, maji njo polisi. Toka siku ile sikumlazimisha tena kunywa.

Mtoto anajua mbele yetu. Akiuliza kama atakufa, usimuambie "usiseme vile". Mimi nilimuambia: ugonjwa wako ni mkali, kuko watoto wanakufa nao, na kuko watu wazima wengi wanao, wanafanya kazi, wameoa, wana watoto, na dawa na maji na hopitali ndivyo tunafanya ili uwe mmoja wao. Alilala usiku ule vizuri kuliko mimi.

Wageni ndio shida. Mtu anaingia, anakaa, anakunywa chai, na mbele ya mtoto anasema "hawa hawapitishaka miaka kumi". Panga jibu lako mapema ju saa ile hasira inafunga kinywa. Langu ni: "Mama, iko anasikia. Tuongee nje." Na ninasimama kweli, ninaenda nje. Kwa maombi, sisi tunaomba kila jioni na kanisa limetushika sana, lakini aliyewahi kutuambia tuache dawa ili imani yetu ionekane tulimuacha yeye.

Wale wengine wa nyumba

Dada yake ana miaka 14. Akiwa na miaka 8, usiku nikimfunika kaka yake, aliniuliza: "Mama, mi nitagonjwa lini na mi ulale na mi?" Sina namna ya kuelezea lile neno lilinifanya nini. Alikuwa anabeba maji, anabeba begi ya kaka yake, ananyamaza, na wote tulimsifu kwamba ni mtoto mzuri.

Kwa hiyo: mtoto mzima naye ana siku yake. Ya kwetu ni kila siku ya posho (jumamosi) asubuhi, mimi na yeye tunashuka soko, ananunua kitu chake, tunaongea mambo yake, na jina la kaka yake halitajwi kama yeye hajalitaja. Akikasirika na ugonjwa muache akasirike. Mueleze hakumuambukiza mtu na hakuna aliyemuambukiza. Asaidie, lakini usimfanye infirmie wa nyumba. Na siku moja apimwe naye, ajue kama ni AS mbele ya kufika umri wa uchumba.

Wazazi, mgawane usiku. Siku ya pili ya krizi mtu hajalala anakosea kipimo cha dawa. Bwana asiseme kuuguza ni kazi ya mama, na mama asimfukuze bwana eti hajui kufunga chupa, mfundishe.

Shule

Nendeni wiki ya kwanza ya mwaka, wazazi wawili, na barua ya munganga. Ongeeni na direktere na mwalimu mwenyewe. Ombeni vitu vidogo: chupa ya maji iwe juu ya meza, choo wakati wowote bila kuomba mara tatu, asipigishwe magoti kwenye jua ao mvua, michezo acheze na apumzike akisikia, triko ivaliwe hata kama rangi siyo ya shule. Mwalimu mmoja alimuadhibu wangu kwa kutoka kukojoa, nilirudi pale na barua, nikamueleza figo, hakujua, akaomba msamaha mbele ya mtoto. Akikosa masomo, mwenzake wa jirani anapiga picha ya kaye kwa simu na kutuma. Lakini msimpunguzie: mitihani afanye, kazi za nyumbani afanye, na sahani yake aoshe akiwa mzima. Mtoto ambaye hana kazi nyumbani anaelewa kwamba watu hawamtegemei kuishi.

Kufika miaka 11, 12, muanze kumpa. Yeye ndiye anaongea kwanza na munganga, wewe unakaa nyuma. Yeye ndiye anahesabu tembe siku ya mungu jioni. Wangu mwezi uliopita alichukua kaye akaandika yeye mwenyewe, na mwandiko wake wa kuinama: "kidole 3, mguu wa kuume, nilikunywa, saa 10 ilikuwa 1." Kaye ya zamani imejaa, ipo ndani ya plastiki chini ya kitanda pamoja na karatasi zetu mbili za AS, na siku ya rendevu tunabeba zote mbili.